Mwajiri akashauri wapi: meza ya utatu au baraza la biashara?

Shoga yangu ana tanuri la mikate Dodoma. Kima cha chini kipya cha mshahara kilipoanza Januari 2026 alinipigia simu usiku, na hata salamu hakumaliza. "Dada, wewe umekaa kwenye hivi vyama vya waajiri miaka. Niambie nijiunge wapi. Nimechoka kusikia mambo yangu redioni yakiwa yameshaamuliwa."

Nikamwambia anitajie kinachomuuma. Akamwaga matano kwa pumzi moja: mishahara imepanda, wakaguzi wanapishana mlangoni, umeme, tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL (ambayo hata sikujua kama anailipa), na kijana aliyemwachisha kazi ambaye sasa kampeleka CMA, tume ya migogoro ya kazi. Nilichukua kalamu nikaandika, maana niliona pale pale kwamba mambo hayo matano hayapiti mlango mmoja. Akijiunga na chama kimoja kwa ajili ya yote, miezi sita baadaye atakuwa ananipigia tena, safari hii kulalamikia ada.

Mimi nina karakana ya kushona sare Morogoro, mafundi na wasaidizi 38. Nimelipa ada kwenye chama cha waajiri, nimelipa pia kwenye jumuiya ya wafanyabiashara, na kila upande kuna mwaka nilijuta. Niliyomweleza usiku ule ndiyo haya, nimeyapanga kidogo tu.

Kwanza toa kesi kwenye sera

Jambo la CMA tuliliondoa kwenye orodha mara moja. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inashughulikia mgogoro wako na mfanyakazi wako, na pale unahitaji mtu anayejua utaratibu, mwenye jalada lako mkononi. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kinawasaidia wanachama wake kwa ushauri wa sheria na uwakilishi, na wengi niwajuao walijiunga siku waliyopokea wito wa Tume, si siku moja kabla. Sioni ubaya. Lakini anayekutetea kwenye kesi na anayekaa mezani serikali inapoandika sheria wanafanya kazi mbili tofauti, hata kama wanatumia ofisi moja. Ukichanganya, utakipima chama kwa kesi uliyoshindwa, kumbe siku zilezile kilikuwa mahali pengine kinabishana juu ya kifungu kitakachobadilisha mikataba yako yote.

Hiyo si mfano wa kubuni. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwanzoni mwa 2025 yaligusa likizo ya mama aliyejifungua mtoto njiti. Mimi nina mafundi cherehani wanawake kuliko wanaume. Kifungu kama hicho kinaingia moja kwa moja kwenye ratiba yangu ya msimu wa sare za shule, na nakiunga mkono, ila ningependa kukijua kikiwa bado ni pendekezo.

Mlango wa kwanza: meza ya watu watatu

Kwa lugha ya watu wa kazi, utatu ni serikali, waajiri na wafanyakazi. Meza yenyewe kwa Tanzania Bara ni Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, lile linaloitwa LESCO, lililoundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Lina mwenyekiti ambaye hatakiwi kuwa mtumishi wa serikali wala kiongozi wa chama cha upande wowote, na wajumbe 16: wanne wa serikali, wanne wa waajiri, wanne wa wafanyakazi, na wanne walioteuliwa kwa utaalamu wao wa sera za kazi, uchumi na jamii.

Kuna jambo moja katika majukumu yake ambalo waajiri wengi hawalijui, nami nililijua nimechelewa. Sheria inalitaka baraza hilo liishauri serikali, kupitia kwa waziri, juu ya sheria yoyote ya kazi inayopendekezwa *kabla* haijafika Baraza la Mawaziri. Vivyo hivyo na mabadiliko makubwa ya sera za uchumi na jamii. Mtu aliyewahi kujaribu kubadilisha kitu serikalini anaelewa thamani ya hilo neno kabla. Muswada ukishatoka Baraza la Mawaziri umeshavaa suti. Unaweza kuurekebisha tai bungeni, lakini kuushonea suti nyingine ni kazi ya miaka.

Mwajiri anafika pale kupitia chama chake. ATE ilianza mwaka 1960, kabla ya uhuru, ikiitwa shirikisho la waajiri wa Tanganyika, na ndiyo sauti ya waajiri kwenye vyombo vya utatu. Hata Geneva, kwenye mkutano wa kila mwaka wa Shirika la Kazi Duniani, kila nchi inapeleka wajumbe wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi. Tanuri la mikate halitakwenda Geneva, ni kweli. Ila mikataba inayopitishwa kule hurudi nyumbani, na LESCO ni moja ya sehemu inapojadiliwa.

Udhaifu wake? Baraza linashauri, haliamui. Waziri anaweza kuusikia ushauri wote na kufanya mengine. Halafu mezani yupo mwenzako wa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambaye kazi yake ni kukupinga. Waajiri wageni hulalamikia hilo. Mimi nimefikia kuona kwamba hapo ndipo penye nguvu ya mlango huu: jambo ambalo mwajiri na mfanyakazi wamelikubali pamoja, serikali hupata shida kulikataa. Jambo lililoombwa na waajiri peke yao linasomeka kama maombi ya wenye pesa, hata liwe la haki namna gani.

Dodoso la kurasa nne

Wakati kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kikiwa bado kinajadiliwa, chama nilichokuwamo wakati ule kilitutumia dodoso la kurasa nne. Wenzangu wengi hawakulijaza. Mmoja aliniambia wazi, "Hayo ni ya wanafunzi wa chuo."

Mimi nilikaa nalo Jumapili mchana na daftari la mishahara. Swali mojawapo lilikuwa: kima kikipanda, gharama yako itaongezeka kwa kiasi gani? Nilikuwa na wasaidizi 11 niliokuwa nawalipa 120,000. Nikapiga hesabu ya nyongeza ya 30,000 kwa kila mmoja: 330,000 kwa mwezi. Weka asilimia 10 ya mwajiri ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, 33,000. Weka SDL, wakati ule asilimia 4, ni 13,200. Mfuko wa fidia, nusu asilimia, 1,650. Jumla 377,850. Nikaona si mbaya, nikataka kufunga daftari.

Ndipo jicho likaenda mstari wa chini. Fundi aliyekuwa akipokea 160,000, mwenye kujua kushona kola na kutia zipu, sasa angemzidi msaidizi wa kukata nyuzi kwa 10,000 tu. Hangekubali, na mimi nisingekubali kama ningekuwa yeye. Ukimpandisha yeye, wa 200,000 naye atakuja ofisini. Ngazi nzima inasogea. Kwa karakana yangu gharama ya kweli ilikuwa karibu mara tatu ya ile niliyoipata mwanzo, na hakuna hata senti yake inayoonekana kwenye amri ya mishahara. Niliandika hayo kwa mistari miwili pembeni ya fomu, kwa sababu dodoso lenyewe halikuwa na nafasi.

Miezi iliyofuata nililiona jambo hilo la ngazi ndani ya andiko la msimamo tulilosomewa kwenye mkutano wa wanachama. Halikuwa na jina langu, na inawezekana wengine ishirini waliliandika pia. Lakini nilielewa namna ushauri unavyozaliwa. Hauzaliwi kwenye hotuba, unazaliwa kwenye daftari la mishahara la mtu aliyejaza fomu.

Kwa sekta ya biashara na viwanda kima hicho kilitoka 115,000, kilichokuwapo tangu Julai 2013, kikaja 150,000. Miaka tisa na nusu ya kimya, halafu zaidi ya asilimia 30 kwa siku moja. Waajiri wenzangu walipiga kelele juu ya hiyo 30. Mimi kelele yangu ni juu ya miaka tisa, maana nyongeza ndogo ndogo ningezibeba bila mtu kusikia. Safari ya pili, ile ya Januari 2026, angalau ilikuja baada ya miaka mitatu. Wastani wa sekta binafsi uliotangazwa ulipanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Miezi michache kabla, Mei Mosi ya 2025 pale Singida, serikali ilikuwa imetangaza watumishi wa umma wanatoka 370,000 kwenda 500,000, na kila mwenye akili alijua zamu yetu inafuata.

Mlango wa pili: baraza la biashara

Huku hali ni nyingine kabisa. Baraza la Taifa la Biashara, TNBC, liliundwa kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 2001. Mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Wajumbe ni 40, nusu serikali na nusu sekta binafsi. Kwa upande wa sekta binafsi mlango mkuu ni Taasisi ya Sekta Binafsi Tanzania, TPSF, iliyoanzishwa 1998, ambayo ni mwavuli wa vyama vingine: wenye viwanda wana CTI ya mwaka 1991, wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima wana chemba yao, TCCIA, ya 1988, na kadhalika hadi watu wa utalii na wa mboga.

Tazama tofauti ya mizizi. LESCO imesimama juu ya sheria iliyopita bungeni. TNBC imesimama juu ya waraka. Mwanasheria atakwambia sheria ina nguvu zaidi, na kwa karatasi ni kweli. Lakini ukikaa chumba kimoja na Rais, mawaziri wake wote wanaandika. Jambo linaloweza kuzunguka wizara tatu kwa miaka miwili linaweza kupewa tarehe ya mwisho mchana mmoja. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba chombo kinachotegemea mwenye kiti hupanda na kushuka na mwenye kiti.

Kwa mtu wa ukubwa wangu, Ikulu ni mbali. Viti 20 vinagawanywa kati ya mabenki, migodi, simu, utalii, kilimo na wengine wote. Sikuwahi kuwa na ndoto ya kukaa pale. Ila TNBC ina matawi ambayo watu huyadharau: baraza la biashara la mkoa, mwenyekiti ni mkuu wa mkoa, na la wilaya, mwenyekiti ni mkuu wa wilaya.

Nimeingia la wilaya mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa watu kama thelathini ukumbini, feni moja inazunguka, nyingine imekufa. Nilipewa dakika tatu. Nikasema kwamba ndani ya mwezi mmoja nilitembelewa na wakaguzi wa ofisi nne tofauti, na wawili kati yao waliomba kuona hati ileile, kila mmoja akitaka nakala yake na risiti yake. Mwenyekiti hakuandika. Aligeuka tu akamwuliza ofisa mmoja aliyekaa safu ya pili, "Kweli hii?" Yule bwana akasimama, akaanza na "Mheshimiwa, kwa mujibu wa kanuni," akakatizwa. Kabla hatujanywa chai ilikubaliwa wakaguzi wa wilaya ile waje kwa siku moja. Ilidumu kama mwaka hivi, halafu mwenyekiti akahamishwa. Ule mwaka nilipumua.

Mara ya pili nilijaribu kuzungumzia mishahara. Nilijibiwa kwa upole kwamba hilo lina mahali pake. Na ni kweli lina mahali pake: mwakilishi wa wafanyakazi hakuwemo mle ukumbini, na kuamua mshahara wa mtu asiyekuwepo ni kutafuta mgomo.

Tuzipime kwa mambo yaleyale

Kikokotoo cha mafao ya kustaafu kila mtu anakikumbuka. Mwaka 2018 ilitoka kanuni ya mafao iliyoshusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25 hata kwa waliokuwa wakipata 50. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwezi Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli aliisitisha. Kilichokuja Julai 2022, asilimia 33, kilipitia kwenye mazungumzo ya utatu: serikali, wafanyakazi, waajiri. Hakikumfurahisha kila mtu, na bajeti ya 2024 ilikigusa tena, 40 kwa waliokuwa wa 50 zamani na 35 kwa waliokuwa wa 25. Lakini mazungumzo yalikuwa na mahali pa kurudia. (Kichekesho ni kwamba mafundi wangu, wanachama wa NSSF ambao siku zote walikuwa kwenye 25, walinuna kwa miezi juu ya mabadiliko yaliyokuwa yakiwaongezea. Ilibidi nichore ubaoni.) Jambo la aina hii baraza la biashara haliliwezi. Ni pesa ya mfanyakazi, na bila yeye mezani ushauri wa mwajiri hauna uzito.

SDL ni hadithi tofauti, kwa sababu hapa milango yote miwili ilisukuma. Tozo hiyo ya kuendeleza ujuzi ilikuwa asilimia 6, mwaka 2013 ikawa 5, mwaka 2016 ikawa 4.5, ikaja 4, na Julai 2023 ikawa 3.5. Mwaka 2021 vilevile waliongeza kiwango cha chini cha kuilipa kutoka wafanyakazi wanne hadi kumi. Nenda kwenye mkutano wa chama chochote, utasikia ni wao walioishusha. Ukweli ni kwamba chama cha waajiri kililisema, wenye viwanda walilisema, TPSF ililisema, na hoja ilikuwa moja inayoeleweka: kwa jirani zetu Kenya mwajiri analipa tozo ya mafunzo ya shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, basi. Hoja ikisemwa na watu watatu tofauti, kila mwaka, kwenye maoni ya kodi ambayo Wizara ya Fedha hukusanya kabla ya bajeti, mwishowe mtu husikia.

Na inalipa kiasi gani? Mimi mishahara yangu kwa mwezi wakati ule ilikuwa 12,160,000. Kutoka asilimia 4 hadi 3.5 nilibakiza 60,800. Kwa mwaka ni 729,600, cherehani moja ya kiwandani na chenji. Kwa mwenye kiwanda cha watu 2,000 ni habari nyingine, na ndiyo maana wenye viwanda ndio waliolibeba kwa bidii zaidi. Hilo si dhambi. Ila lijue: chama hukimbia haraka pale wakubwa wake wanapoumia, na mdogo unafaidika ukiwa umeumia mahali palepale.

Wakaguzi, leseni na tozo za hapa na pale ni mali ya mlango wa biashara bila ubishi. Mpango wa kurekebisha mifumo ya udhibiti wa biashara wa mwaka 2018, ule uliozoeleka kwa jina la Blueprint, ulitokana na malalamiko ya aina ile niliyoyatoa ukumbini kwa dakika tatu, yaliyosemwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi. Umeme nao uko hukohuko.

Kwa hiyo usiku ule nilimtumia shoga yangu hiki kijedwali kwenye simu:

| | Meza ya utatu (ATE, LESCO, bodi za mishahara) | Baraza la biashara (TPSF na vyama vyake, TNBC, mkoa, wilaya) |
|---|---|---|
| Msingi wake | Sheria ya 2004 | Waraka wa Rais wa 2001 |
| Nani yuko mezani | Serikali, waajiri, wafanyakazi, wataalamu | Serikali na sekta binafsi |
| Nguvu yake | Kusikilizwa kabla ya Baraza la Mawaziri | Mwamuzi yuko chumbani |
| Peleka | Mishahara, likizo, mikataba, mafao, usalama kazini | Leseni, tozo, wakaguzi, umeme, barabara |
| Mdogo anafikaje | Dodoso na kamati ya sekta | Baraza la wilaya |
| Kodi ya ajira (SDL) | Ndiyo | Ndiyo |

Ukilazimika kuchagua mmoja

Mwenye watu wengi na mashine chache aanzie meza ya utatu. Mshonaji, hoteli, mlinzi, shamba la maua, shule binafsi: gharama yako kubwa ni watu, na kila mabadiliko ya sheria za kazi yanagonga mfuko wako kabla ya wengine. Ikiwa unalipa mshahara unaokaribia kima cha chini, sina haja hata ya kukushawishi.

Mwenye mashine nyingi na watu wachache, au mwenye duka, au anayeagiza na kusafirisha mzigo, aende kwa jumuiya ya sekta yake. Kinachomkosesha usingizi ni bandari, forodha, kipimo, leseni. Chama cha waajiri kitamkaribisha, atakunywa chai, lakini atakuwa anasubiri ajenda isiyofika.

Makampuni makubwa yana kadi zote mbili na hayaulizi swali hili. Ndivyo ilivyo Kenya pia, ambako shirikisho la waajiri, FKE, la mwaka 1959 liko kwenye utatu na mwavuli wa sekta binafsi, KEPSA, wa 2003 uko upande wa biashara, na mwajiri mkubwa wa Nairobi yuko kote kote. Na kuna nyakati ambapo hata meza ya utatu haitoshi: suala la ushuru wa nyumba kule liliwafikisha waajiri na shirikisho la wafanyakazi, COTU, mahali pa kupinga kitu kimoja, watu ambao kwa kawaida hutazamana kutoka pande mbili za meza.

Kama uko Zanzibar, mengi ya hapo juu hayakuhusu kama yalivyo. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Kuna sheria za ajira za huko za mwaka 2005 na chama cha waajiri cha huko, ZANEMA. Usipotezewe muda na mtu wa Bara anayekupa fomu ya Dar es Salaam.

Kabla hujalipa ada popote, omba vitu viwili. Omba uone andiko la mwisho walilopeleka serikalini, lenye kurasa na takwimu, si picha za mkutano. Na uliza dodoso la mwisho kwa wanachama lilitumwa lini. Mimi nilikaa miaka miwili kwenye jumuiya moja, sitaitaja, ambayo ilinialika kwenye chakula cha jioni mara nne na haikuniuliza swali hata moja. Nilikula vizuri. Wali wao ulikuwa mzuri. Lakini kama hawajui gharama zangu, walikuwa wakimshauri nani, juu ya nini?

Na ukishaingia, usiwe mwanachama wa kulipa ada tu. Kila chama nilichopitia kina kamati za sekta ambazo watu watano hufanya kazi ya watu mia tatu. Kaa kwenye mojawapo mwaka mmoja. Utajifunza lini hasa maoni yanatakiwa, kwa sababu kosa la kawaida kuliko yote ni kuchelewa: watu huanza kulalamika Juni, bajeti ikiwa inasomwa, wakati mlango wa maoni ya kodi ulifunguliwa na kufungwa miezi mingi nyuma. Juni unabaki na kamati ya bunge, ambayo husikiliza wadau juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha, lakini hapo unapigania koma.

Shoga yangu alisikiliza yote, akasema atajiunga na chama cha waajiri na atahudhuria baraza la wilaya, ambalo halimgharimu kitu zaidi ya nauli. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya fomu aliyoijaza ili niikague. Mstari wa idadi ya wafanyakazi alikuwa ameandika tisa.

Nikampigia. "Tisa? Nilipokuja kwako mwaka 2021 walikuwa tisa."

"Na watabaki tisa," akasema. "Nina oda za kazi ya watu kumi na wawili. Lakini nikimwandikisha wa kumi, SDL inaanza kwa wote kumi, si kwa yule mmoja. Wale wengine wananikandia unga usiku kama vibarua, tunaelewana."

Kumbe SDL aliyoilalamikia ni ile asiyoilipa. Nikamwambia dodoso la kwanza litakalomfikia, kama halina nafasi ya kuandika hilo, aandike pembeni.